Kifua kinabana akipanda kilima: ni gesi, kichomi au moyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tukuyu. Mume wangu ana miaka 52, anafanya biashara ya ndizi, anasukuma baiskeli yenye mikungu kutoka mashambani hadi barabarani. Kama wiki tatu hivi analalamika kwamba akipandisha kilima kifua kinabana, akisimama kidogo kinaachia. Duka la dawa walisema ni vidonda vya tumbo, wakampa omeprazo. Anameza, lakini hali ni ileile. Juzi usiku wa manane alishtuka usingizini, akakaa kitandani ameshika kifua, jasho linamtoka mpaka fulana ikalowa. Baada ya kama robo saa ikapoa, akalala. Asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Ana presha, ila dawa anameza siku akisikia kichwa kinauma. Sigara ameacha miaka michache iliyopita. Mama mkwe anasema ni kichomi, anampikia chai ya kitunguu swaumu. Mwenyewe anasema ni gesi. Nitajuaje kama ni jambo kubwa au la? Na hiyo chai iendelee?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mpeleke shemeji hospitali leo. Leo hii, hata kama saa hizi anakula vizuri na kutaniana na watoto. Asirudi duka la dawa. Aende hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho wahudumu wanakiita ECG. Jibu langu ni refu, na unaweza kulisoma mkiwa kwenye gari au kwenye benchi mkisubiri jina lake liitwe.

Sijamwona wala kumpima, kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika ana ugonjwa gani. Ila umeeleza vizuri kuliko watu wengi wanavyoeleza, na ndani ya maelezo yako kuna mambo mawili ambayo daktari yeyote akiyasikia huacha alichokuwa anakifanya.

La kwanza ni kilima. Vidonda vya tumbo havijui kilima na tambarare. Vinauma mtu akiwa na njaa, au akishakula, au usiku. Havingoji asukume baiskeli ndipo viume, halafu vinyamaze akiegemea mti. Maumivu yanayokuja mwili unapofanya kazi na kuondoka unapopumzika ni lugha ya moyo. Nyama ya moyo inalishwa damu na mishipa yake yenyewe, mishipa midogo inayopita juu yake. Kwa miaka, presha, sigara, sukari na lehemu huifanya mishipa hiyo iwe myembamba kwa ndani. Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inayopita inatosha. Akipandisha na mikungu minne nyuma ya baiskeli, moyo unadai damu zaidi na mishipa haiwezi kuileta, na hapo kifua kinabana. Akisimama, mahitaji yanashuka na kifua kinaachia, mara nyingi ndani ya dakika chache.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1768 daktari mmoja Mwingereza, William Heberden, aliwaeleza madaktari wenzake London kuhusu wagonjwa wanaobanwa kifua wakiwa wanatembea, hasa wakipanda mlima na hasa wakiwa wametoka kula, na kwamba wakisimama tu hali hiyo inatoweka. Hakuwa na ECG wala kipimo cha damu. Alisikiliza tu. Zaidi ya miaka 250 baadaye, swali la kwanza tunalomuuliza mgonjwa wa kifua bado ni lilelile: ukifanya kazi inakuwaje, ukipumzika inakuwaje?

La pili ni la juzi usiku, na hili ndilo lililonifanya niandike neno leo. Maumivu ya kilimani yana utaratibu wake. Mtu anaweza kuishi nayo miezi hata miaka huku akitibiwa. Yakianza kumfuata mtu kitandani, hajafanya kazi yoyote, yakaja na jasho la kulowesha fulana na kukaa robo saa, hali imebadilika. Mara nyingi maana yake ni kwamba utando wa mafuta ndani ya mshipa umepasuka na damu imeanza kuganda juu yake. Donge hilo linaweza kuziba nusu, likaachia, likaziba tena. Likiziba moja kwa moja, nyama ya moyo inayotegemea mshipa ule huanza kufa ndani ya kama nusu saa, na inaendelea kufa kwa saa kadhaa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Kwa hiyo kule kupoa kusikutulize. Wagonjwa wengi waliopata mshtuko wa moyo walipewa onyo la namna hiyo siku au wiki kadhaa kabla, na wao na ndugu zao wakashukuru Mungu kwamba imepoa, wakaendelea na kazi.

Ongeza sasa umri wa miaka 52, presha isiyotibiwa sawasawa na sigara za zamani. Nisingehitaji zaidi ya hayo kumlaza.

Usipime kwa ukali wa maumivu

Watu wengi wana picha ya sinema: mtu anapiga kelele, anashika kifua, anaanguka. Wapo wanaoanguka hivyo, lakini wengi hawafanyi hivyo. Wengi hawatumii hata neno maumivu. Ukimuuliza mwanaume, "Kifua kinauma?" atakujibu, "Hapana, hakiumi." Ukimuuliza, "Unasikia nini hapo?" ndipo anasema kuna uzito, kuna kubanwa, kama kuna mtu amemkalia, kuna moto, kifua kimejaa, pumzi haishuki. Hayo yote yahesabu kuwa maumivu ya kifua. Na mtu anayeumwa sana hadi analia anaweza kuwa na msuli tu uliovutika, wakati yule aliyetulia kimya na kuloa jasho ndiye anayetakiwa kukimbizwa.

Mwangalie mkono anapokuonyesha. Mwenye shida ya msuli au ya mfupa wa kifua huwa anaonyesha kwa kidole: hapa, penyewe, bonyeza usikie. Mwenye shida ya moyo mara nyingi hutandaza kiganja kizima katikati ya kifua, au anakunja ngumi na kuibandika pale, kwa sababu hapati sehemu moja ya kuionyesha. Hiki si kipimo cha kumwachisha mtu hospitali, maana wapo wa moyo wanaoonyesha kwa kidole. Ni dalili tu ya kuunganisha na nyingine.

Kuhusu maumivu yanapoelekea, kila mtu anaujua mkono wa kushoto. Wachache wanajua kwamba yakielekea mkono wa kulia, au mikono yote miwili, shaka ya moyo inakuwa kubwa vilevile, pengine zaidi. Yanaweza pia kupanda shingoni, kwenye taya, hata kwenye meno ya chini kiasi cha mtu kwenda kung'oa jino lisilo na ubovu. Yanaweza kukaa mgongoni katikati ya mabega, au kwenye chembe ya moyo, pale chini ya mfupa wa kifua. Hapo kwenye chembe ndipo dawa za vidonda zinapouzwa kwa wingi kuliko zinavyostahili.

Halafu kuna zinazoambatana: jasho la baridi, kichefuchefu na kutapika, pumzi kuwa fupi, kizunguzungu, kuzimia, mtu kubadilika rangi na kuwa kama jivu. Kubanwa kifua pamoja na moja ya hizi, kwa zaidi ya dakika kumi na tano, ni dharura bila mjadala. Usisubiri zitimie zote.

Na wapo ambao kifua hakiwaumi kabisa. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kubanwa, kwa sababu sukari imeharibu mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa za maumivu. Wazee pia: bibi wa miaka 75 anaishiwa nguvu ghafla, anatapika mara mbili, hataki kula, anahema. Wanawake nao, dada yangu, na hili ulichukue kwa ajili yako na ya mama mkwe. Wanawake wengi hubanwa kifua kama wanaume, lakini wao zaidi kuliko wanaume huja na uchovu usio wa kawaida, pumzi fupi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya. Wanaambiwa ni mawazo, wanapewa dawa ya usingizi na kurudishwa nyumbani. Mwanamke wa makamo mwenye presha au sukari anayehema akipanda ngazi ambazo mwezi uliopita alizipanda bila shida, apimwe moyo kwanza. Mawazo yatazungumzwa baadaye.

Ile omeprazo

Mhudumu wa duka la dawa simlaumu sana. Kiungulia kipo, ni kingi, na kinafanana na moyo kwa sababu koo la chakula na moyo vimekaa jirani na vinatumia njia za fahamu zinazokaribiana. Kiungulia cha kweli huja baada ya kula, hasa chakula kingi au cha mafuta, kikazidi mtu akiinama au akilala chali, kikamletea uchachu mdomoni.

Tatizo ni pale dawa ya tumbo inapotumiwa kama kipimo. "Nimekunywa magnesiamu nikacheua, ikapoa, kumbe ni gesi." Hapana. Maumivu ya moyo yanakuja na kuondoka yenyewe, na mtu akimeza kitu chochote wakati yanakaribia kuondoka atakisifia kile alichomeza. Tumeona wagonjwa waliopata nafuu kwa dawa ya tumbo na ECG yao inaonyesha mshtuko wa moyo unaoendelea. Kwa shemeji hata hiyo nafuu haikupatikana.

Kifua kina mengine ya hatari, si moyo peke yake

Umeuliza swali pana, nitajuaje, na wengine watakaosoma hapa si wa kilima na jasho. Kwa hiyo nitaje mengine, ingawa hayamhusu sana shemeji.

Kwa mwenye presha, la kuogopwa baada ya mshtuko wa moyo ni kuchanika kwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Maumivu yake hayaanzi kidogokidogo. Yanaanza ghafla na yakiwa katika kilele chake papo hapo, makali, kama kitu kinachanwa, yakitoboa mgongoni na pengine kushuka kiunoni. Mtu anaweza kukumbuka alikuwa anafanya nini dakika ile. Anaweza kuzimia au mkono na mguu kupooza. Huyu asipewe aspirini, akimbizwe.

Donge la damu kwenye mapafu linawapata hata watu ambao hawakuwa na shida ya moyo: mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita, aliyefanyiwa upasuaji, aliyefungwa hogo la mguu, mwenye kansa, aliyekaa kwenye basi saa nyingi bila kunyoosha miguu. Mara nyingi mguu mmoja, si yote miwili, ulikuwa umevimba na kuuma. Kisha ghafla pumzi inakata, kifua kinachoma akivuta hewa, wakati mwingine anakohoa damu. Kwa mama wa baada ya uzazi naongeza jingine: anayehema akilala chali mpaka alale ameegemea mito mitatu, na miguu imevimba yote, huenda moyo wake umechoka. Hii hutokea mwishoni mwa ujauzito na miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na inachukuliwa kuwa uchovu wa kunyonyesha.

Mtoto au kijana mwenye selimundu akilalamika kifua, pamoja na homa au kuhema, hilo si la kumpa panadoli na maji mengi nyumbani kungoja asubuhi. Mapafu ya mgonjwa wa selimundu yanaweza kuharibika ndani ya saa chache. Mpeleke usiku huohuo.

Kichomi cha mama mkwe nacho kipo. Wazee wetu hawakukosea: kuchomwa ubavuni kila ukivuta pumzi, pamoja na homa na kikohozi, mara nyingi ni nimonia au utando wa pafu uliovimba, na inataka matibabu ya hospitali. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, kukonda na jasho la usiku, wapime TB. TB hiyohiyo inaweza kujaza maji kwenye mfuko unaozunguka moyo. Mgonjwa wa namna hii kifua kinamuuma zaidi akilala na kinapata nafuu akikaa ameinama mbele. Kijana mrefu mwembamba anayechomwa upande mmoja ghafla na pumzi kupungua, huenda pafu limepasuka na kusinyaa. Lakini kichomi hakiji na kilima kikaondoka na kivuli, na hujaniambia kwamba shemeji ana homa wala kikohozi.

Na mambo yasiyo ya hatari? Ni mengi, na kwa kweli maumivu mengi ya kifua yanaangukia huko, hasa kwa vijana. Kuchomwa kama sindano kwa sekunde mbili tatu na kuisha. Maumivu yanayorudi yaleyale ukibonyeza mahali pamoja kwenye mbavu, baada ya siku ya kubeba mizigo au kupiga jembe. Maumivu ya upande mmoja yanayochoma ngozi siku chache kabla vipele havijatoka kwa mstari, huo ni mkanda wa jeshi. Hofu kali nayo inabana kifua kwelikweli na kufanya vidole vife ganzi, mgonjwa haigizi. Ila mtu wa miaka zaidi ya 40 asikubali kuambiwa ni hofu au ni msuli kabla moyo haujapimwa, maana hata mwenye mshtuko wa moyo anaogopa, na hata yeye anaweza kuwa na mbavu zinazouma zikibonyezwa.

Safari ya hospitali

Asiende na baiskeli yake, na asipande kilima kwenda kituoni kwa miguu. Tafuteni gari au bajaji. Bodaboda naikataa kwa sababu moja tu: akizimia, hamna wa kumshika. Kama mna usafiri wa kuchagua, bora kutumia muda kidogo zaidi na kufika penye ECG na daktari kuliko kuwahi mahali ambapo mtaandikiwa rufaa na kuanza safari upya. Pigeni simu kwanza muulize kama mashine inafanya kazi leo. Wakati mwingine mashine ipo lakini karatasi imeisha.

Ikiwa maumivu yatarudi kabla hamjafika, mkalishe au alale ameinuliwa mgongo, asitembee, na atafune aspirini miligramu 300. Kutafuna, si kumeza nzima, ili ifanye kazi haraka. Kama mna zile ndogo za miligramu 75, ni vidonge vinne. Haizibui mshipa, inapunguza kasi ya damu kuganda juu ya lile donge, na hiyo peke yake imeokoa watu wengi. Msimpe kama ana mzio wa aspirini, kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kama aliwahi kuvuja damu kwenye ubongo, au kama maumivu ni yale ya kuchanika kwenda mgongoni. Kule kuambiwa dukani ana vidonda bila kupimwa si sababu ya kumnyima.

Msimpe diklofenaki. Naisisitiza kwa sababu ndiyo sindano ya kwanza watu wanayoikimbilia maumivu yakizidi, na kwa mtu mwenye shida ya mishipa ya moyo dawa hiyo na jamii yake zinaongeza hatari.

Akianguka, mkimwita haitiki na hapumui sawasawa, moyo umesimama. Mlazeni chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, nyoosha mikono, gandamiza kwa nguvu kiasi kifua kizame kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mkipokezana. Watu wanaogopa kumvunja mbavu. Mbavu zinaunga.

Mkifika mapokezi

Namna ya kusema ina uzito. Ukianza na "ana vidonda vya tumbo" au "gesi inamsumbua", utapelekwa foleni ya tumbo. Sema hivi: "Ana miaka 52, ana presha, kifua kinambana akifanya kazi wiki ya tatu sasa, na juzi usiku kilimbana amelala akatoka jasho. Naomba apimwe ECG." Sema hata kama mwenyewe anakukatiza kwamba ni gesi. Wanaume wengi hupunguza mambo wakishamwona daktari. Mke ndiye anayetoa historia ya kweli.

Nasema uombe ECG kwa sababu inasahaulika. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa idara ya dharura katika hospitali ya KCMC, Moshi, walikuta kwamba wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa hivyo na waliowahudumia. Walitibiwa kwa majina mengine. Tulifundishwa zamani kwamba mishipa ya moyo kuziba ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu, na mafundisho hayo hayajatoka vichwani vyote. Mwongozo unataka mgonjwa wa kifua apimwe ECG ndani ya dakika 10 baada ya kufika. Kipimo chenyewe ni cha dakika tano: nyaya kifuani, mikononi na miguuni, hakiumi, karatasi inatoka.

Ila jihadhari na karatasi safi. ECG ikipigwa wakati hana maumivu inaweza kuwa nzuri kabisa. Ndiyo maana inarudiwa, hasa maumivu yakirudi, na ndiyo maana kuna kipimo cha damu cha troponini, chembe inayovuja nyama ya moyo ikiumia. Troponini huchukua saa kadhaa kupanda, kwa hiyo ikiwa sawa mara ya kwanza nayo hurudiwa. Na kwa shemeji, hata vyote vikiwa sawa, ile hadithi ya kilima inabaki palepale na inataka uchunguzi. Mtu asikuambie "moyo wake mzima, nendeni" kwa karatasi moja. Uliza kwa upole: "Sasa daktari, mbona akipanda kilima kinabana?"

Wakikuta tatizo, watamwanzishia dawa za kuzuia damu kuganda, za kupunguza kazi ya moyo na za lehemu, na huenda wakampa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ikiwa mshipa umeziba kabisa, kuna dawa ya kuyeyusha donge inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono. Inafanya kazi vizuri zaidi katika saa tatu za mwanzo, na zikipita saa 12 faida yake inakuwa ndogo sana. Hapa ndipo kungoja mpaka asubuhi kunapogharimu. Kuzibua mshipa kwa mrija na kuuwekea kichuma cha kuutanua hufanyika penye mtambo wa Cathlab, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Si kila mgonjwa anahitaji kufika huko, na si kila anayehitaji lazima aende usiku huohuo. Wengi hutulizwa kwa dawa kwanza. Beba kadi ya bima kama mnayo, na vidonge vyote anavyotumia, ndani ya mfuko mmoja.

Katika mfuko huo kuna kitu anaweza kukuficha. Kama anatumia dawa za nguvu za kiume, za dukani au zile za unga na asali zinazouzwa mitaani, lazima daktari ajue. Kuna dawa ya moyo inayowekwa chini ya ulimi ambayo ikikutana na hizo presha inaporomoka hadi kuua. Kama ataona haya mbele yako, toka nje kidogo uwaache wawili waongee.

Kuhusu presha, akishatulia mwambie kwamba dawa yake si ya kichwa. Presha ya juu mara nyingi haiumi popote. Kichwa kinaweza kuwa kimetulia na mishipa inaharibika. Vidonge vinamezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Chai ya mama mkwe aendelee kuinywa kama chai, usigombane naye kwa hilo. Kitunguu swaumu kidogo kwenye kikombe hakimdhuru. Ila ikiwa anamsagia punje nyingi kwa wakati mmoja, asimamishe na mwambie daktari, kwa sababu kikiwa kingi kinaweza kuongeza kuvuja damu kwa mtu anayetumia aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, na hizo ndizo ninazotegemea ataanzishiwa leo.